Kisu Kilichopakwa Rangi

Jumamosi hiyo, jua likiwa limeshazama na taa za barabarani bado hazijawashwa, Mjalidi alitumwa na mkewe apeleke dawa ya kifua kwa kaka yake. Hakutaka kwenda. Alivaa viatu polepole, akatafuta funguo alizokuwa amezishika mkononi, akauliza kama dawa haiwezi kungoja mpaka kesho.

"Kifua kinangoja?" mkewe alimuuliza. "Ni kaka yako huyo, si wangu. Nenda bwana."

Mjalidi lilikuwa jina la kazi. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika kiwanda kidogo cha uchapaji, mtu wa miaka arobaini na mmoja, vidole vikinuka gundi hata siku za mapumziko. Lakini ukitaka kumjua hasa, usingemuuliza habari za vitabu. Ungemuuliza ana nini mfukoni. Hapo uso ungemchangamka. Angekutolea kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe na ubapa wa chuma cha zamani, kile kinachobadilika rangi kadiri unavyokitumia, na angekusimamisha hapo akikueleza mpaka basi lako likuache.

Walikuwa wanne wenye ugonjwa huo. Kila Jumapili saa kumi alasiri walikutana chumba cha nyuma cha duka la Fundi Saa: Fundi Saa mwenyewe, Daktari wa Meno, Mwalimu aliyestaafu, na Mjalidi. Kila mmoja aliweka mezani kisu alichokibeba wiki nzima. Wakavikagua, wakavisifia, wakasemana. Daktari alisemwa kwamba hunoa mpaka ubapa unakwisha, kama anavyomaliza meno ya watu. Mwalimu alisemwa kwamba kisu chake hakijawahi kukata kitu kigumu kuliko chungwa. Na meza ile ilikuwa na adabu moja tu, ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi: aliyekifungua kisu ndiye akifunge. Ukipewa kisu kikiwa wazi, kitazame, kitumie ukitaka, kisha kirudishe kikiwa wazi vilevile. Waliicheka adabu hiyo, lakini miaka yote hakuna aliyeivunja.

Basi mtu huyu, aliyependa visu kuliko wengine walivyopenda mpira, alikuwa na kisu kimoja tu alichokitamani kwa dhati duniani, na kisu hicho kilikuwa kwa kaka yake. Kilikuwa kisu cha baba yao. Tangu Mjalidi apate akili alikiona juu ya rafu, kikiwa wazi, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Alikatazwa kukigusa. Na baba yao alipokuwa kitandani anaaga dunia, Mjalidi akiwa na miaka kumi na mitano, aliitwa kaka mtu peke yake. Mlango ukafungwa. Mjalidi alisimama nje akisikiliza minong'ono asiyoielewa. Kaka alipotoka alikuwa ameshika kile kisu kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kikiwa wazi.

Hakumwambia kitu. Hata neno moja.

Siku ya maziko Mjalidi alimwambia kaka yake mbele za watu kwamba ni mchoyo na kwamba alimlaghai mzee katika dakika zake za mwisho. Ni maneno ambayo mtu huyasema mara moja na kuishi nayo miaka ishirini na sita. Kaka alimpa mgongo. Aliinua jembe akaendelea kufukia.

Kaka alikuwa fundi rangi. Alikaa chumba kimoja nyuma ya karakana iliyofungwa, kati ya ngazi, makopo, na matambara yaliyokauka yakawa magumu. Rangi na vumbi la kuta vilikuwa vimemla mapafu. Mjalidi alipoingia jioni ile alimkuta ameegemea mito mitatu, midomo imemkauka, anapumua kwa kuvuta.

"Umekuja," Kaka alisema.

"Nimetumwa."

Akampimia dawa kwenye kijiko, akampa maji, akakaa kwenye kopo lililogeuzwa. Kaka aliuliza hali ya mtoto. Mjalidi akasema hajambo, anasoma. Kaka akauliza kama kiwandani wamewaletea mashine mpya. Mjalidi akasema hapana. Macho yake muda wote yalikuwa dirishani, kwenye kizingiti, pale kilipokuwa kisu.

Kilikuwa wazi, kama siku zote, kimelazwa juu ya mfuniko wa kopo. Na kilikuwa kimepakwa rangi! Rangi ya mafuta, nzito, imerundikwa pale kwenye ungio la ubapa na mpini, tabaka juu ya tabaka, mpaka limekuwa nundu. Ubapa wenyewe ulikuwa mwekundu kwa kutu. Kila alipofika pale Mjalidi alikitazama kisu hicho na kila mara ilimbidi ageuze uso. Watu wengine hawawezi kuona mtoto akipigwa. Yeye hakuweza kuona chuma kizuri kikifanyiwa unyama.

"Ungenipa nikakisafishe," alisema. Alikuwa amelisema hilo mara nyingi.

"Kiache."

"Kinaoza, Kaka."

"Kiache kilivyo." Kaka akafumba macho. "Usikiguse. Nimekuomba tangu zamani."

Dawa ile ilikuwa na usingizi ndani yake. Haikupita robo saa Kaka alianza kukoroma. Mjalidi akasimama aondoke. Akafika mlangoni. Akarudi.

Alijiambia ni kwa siku moja tu. Atakisafisha leo, kesho atakionyesha mezani, kesho jioni atakirudisha, na mgonjwa hatajua. Akakifunga kwenye leso akakitia kwenye mfuko wa koti, ncha ikiangalia juu. Aliposhika kitasa cha mlango alisikia mkoromo umekatika nyuma yake. Akangoja. Mkoromo ukaanza tena.

Nyumbani alikula haraka, akaingia kwenye kichumba alichokiita ofisi, akawasha taa ya mezani. Akatandaza gazeti. Akachukua kichupa cha tina ya kuyeyushia rangi, vijiti vya pamba, na mafuta ya cherehani. Hakuna saa tamu kwa mtu wa visu kama saa hiyo.

Tabaka la juu lilikuwa jeupe. Likalainika, likatoka. Chini yake palikuwa na kijivu. Chini ya kijivu, bluu. Kisha rangi ya maziwa, kisha kijani cha milango ya shule, kisha jeupe tena. Mjalidi alianza kuhesabu kwa hasira, na alipofika ishirini aliacha. Haikuwa rangi iliyodondoka kwa bahati mbaya. Mtu alikaa akaipaka kwa brashi ndogo, mwaka hadi mwaka, pale pale kwenye ungio, mpaka kwenye springi. Mjalidi alifikiri amekwisha kuelewa. Ni chuki, alijiambia. Alijua nakitaka, akakiharibu kusudi.

Ninyi mnaosoma mmeshaanza kuona. Yeye hakuona. Chuki aliyokaa nayo miaka ishirini na sita ilikuwa imemfumba macho yote mawili.

Rangi ya mwisho ilipotoka, kutu nayo ikaanza kuachia. Alidondosha mafuta tone moja kwenye ungio, akangoja, akadondosha jingine. Akasugua ubapa kwa majivu na kitambaa. Chuma kikaanza kurudi, cheusi cheusi, kizuri ajabu. Kwenye mpini palikuwa na mahali pamelika kidogo, saizi ya dole gumba la baba yake. Aliweka dole gumba lake hapo. Machozi yakamlengalenga, na hakuyaonea haya.

Kisha akafanya lile ambalo mkono wa mtu wa visu hulifanya wenyewe, bila kuuliza kichwa. Alitaka kusikia springi bado ina nguvu. Akauweka ubapa kwenye kiganja, akasukuma taratibu.

Ukakwama.

Akaongeza tone la mafuta. Akasukuma tena.

Tak!

Sauti safi. Ingemfurahisha Fundi Saa. Mjalidi alitabasamu, na tabasamu halikukaa hata kidogo, kwa sababu palipita harufu. Haikuwa ya tina wala ya mafuta. Kafuri... na jasho la homa, na blanketi la mtoto lililolowa. Harufu ya chumba cha mgonjwa kilichofungwa madirisha. Ilipita mbele ya uso wake, ikakaa kidogo, ikaondoka. Masikio yake yakaziba. Akasikia, mbali sana, kitu kinazunguka juu ya jiwe. Ziiii. Ziiii. Kisha kikanyamaza.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa binti yake wa miaka minane, na mswaki mdomoni. Mtoto akatazama mezani, akatazama kiti, akatazama pale pale alipokaa baba yake.

Akazima taa.

"Wee!" Mjalidi akaita gizani. "Huoni kama nipo?"

Taa ikawaka. Mtoto alikuwa amekodoa macho, mkono bado kwenye swichi.

"Baba! Kumbe upo. Sikukuona."

"Sasa nilikuwa wapi?"

Mtoto alirudi nyuma hatua moja. Alikwenda kulala akipita karibu na ukuta.

Asubuhi mkewe alimimina chai vikombe viwili, cha kwake na cha mtoto. Mjalidi alikaa akingoja. Akakohoa. Mkewe akageuka, akashtuka mpaka chai ikamwagika. "Mungu wangu! Nilidhani umetoka," alisema, akaenda kuchukua kikombe cha tatu. Alicheka. Mjalidi naye akacheka. Lakini mke alipokaa mezani alikuwa akimtazama kwa kujitahidi, akikunja macho, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Alijaribu kukifungua kisu baada ya chai. Aliingiza ukucha kwenye kijimfereji chake, akavuta. Kisu hakikujongea. Akavuta tena, ukucha ukapinda. Springi iliyofunga vizuri vile usiku, asubuhi ilikuwa jiwe. Akajiambia mafuta yameganda.

Alasiri alikwenda kikaoni. Alikiweka kisu cha baba yake katikati ya meza, na kwa kitambo kidogo mambo yalikuwa kama alivyoyaota. Fundi Saa alivuta lenzi yake jichoni. Mwalimu alipiga mluzi. Daktari aliuliza kimetoka kaburi gani, maana wa leo hawatengenezi hivyo.

"Cha marehemu mzee," Mjalidi alisema.

"Tukione basi tumbo lake," alisema Daktari, akatia ukucha. Akavuta. Akatia ukucha wa mkono mwingine. "Ebo!"

Fundi Saa akaleta koleo dogo lenye mdomo wa ngozi, lile analofungulia migongo ya saa za watu wakubwa. Likateleza. Akaleta kipande cha shaba chembamba, akakipenyeza. Shaba ikakunjika. Alikuwa fundi wa miaka thelathini, na uso wake sasa haukuwa wa mchezo tena.

"Kimekwama tangu lini?"

"Hakikukwama. Jana kilikuwa wazi. Kilikuwa wazi miaka yote."

"Kilikuwa wazi," Mwalimu alirudia polepole. "Nani alikifungua?"

"Sijui. Baba, nadhani. Mimi nilikikuta hivyo tangu mdogo."

"Na nani amekifunga?"

Mjalidi alikitazama kisu. Kwa mara ya kwanza lile jambo lilimfika kichwani. Miaka tisa amekaa kwenye meza hiyo. Hajawahi kufunga kisu cha mwenzake hata kwa kusahau. Na cha baba yake, usiku, peke yake, kwa kutaka kusikia mlio...

"Mimi," alisema.

Hakuna aliyecheka. Daktari aliurudisha mkono wake kutoka mezani akaufuta kwenye suruali. Fundi Saa alivua lenzi.

"Ni adabu tu, jamani," Mjalidi alisema. "Si tumekuwa tukiitania siku zote? Mwalimu? Si wewe uliyesema mtu aliyeianzisha alikatwa kidole tu?"

Mwalimu alikuwa akitazama mlangoni. "Leo Mjalidi hakuja," alisema.

"Nipo hapa."

"Atakuwa amekwenda kwa kaka yake," alisema Daktari. "Si anaumwa?"

"Jamani, mnanitania? Nipo!"

Aligonga meza kwa kiganja. Vikombe vikatikisika. Watu watatu wakatazama vikombe. Fundi Saa akainua macho darini, kana kwamba lori limepita barabarani. Kisha akakiangalia kile kisu cha mpini wa pembe kilicholala katikati ya meza, nyusi zikakutana.

"Hiki nani kakileta?" aliuliza.

Hakuna aliyejua.

Mjalidi alikinyakua. Hapo ndipo Daktari wa Meno, mtu mzima wa kilo mia, alipopiga kelele na kuangusha kiti, na Mjalidi akajua walichokiona: kisu kinaondoka mezani peke yake. Alitoka mbio. Barabarani watu hawakumpisha. Mwanamke mwenye mwavuli alimgonga bega, akageuka kuomba radhi, akabaki anaangaza huku na huku. Moyo ulimwenda mbio, na kila alipoweka mkono kifuani kuusikiliza aliusikia hafifu zaidi.

Giza lilikuwa linaanza kuingia alipousukuma mlango wa Kaka. Alisimama kizingitini, anahema, anaogopa kusema, maana hakujua kama sauti yake itasikika.

"Umekifunga," Kaka alisema.

Alikuwa amekaa kitako kitandani akimtazama usoni, moja kwa moja. Mjalidi hakuwahi kufurahi hivyo kutazamwa na mtu. Akakaa sakafuni kati ya makopo.

"Unaniona?"

"Mimi nitakuona. Nimekutazama miaka ishirini na sita, mimi sina kazi nyingine." Kaka akakohoa, akafuta mdomo. "Lete."

Mjalidi akampa. Kaka akakigeuza kisu mkononi, akakinusa, akapitisha kidole pale rangi ilipokuwa.

"Umeitoa yote," alisema. "Kila siku yako ya kuzaliwa nilipaka. Rangi niliyobakiwa nayo kazini. Nilijua mafuta ya springi hayaaminiki, lakini rangi ikikauka haitembei. Sikufikiri kwamba mtu atakaa usiku anaing'oa kwa pamba."

"Kwa nini, Kaka? Niambie ni kitu gani hiki."

Kaka alikilaza kisu mapajani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, na maneno yalitoka kidogo kidogo kwa sababu ya pumzi.

"Ulikuwa na miaka mitatu. Homa ilikuwa imekumaliza. Kafuri ya kukuzikia ilikuwa imeshanunuliwa, mama alikuwa ameificha chini ya kitanda nisiione. Jioni, saa kama hii, akapita mtu wa kunoa visu na gurudumu lake. Hatukuwahi kumwona kabla. Hakubisha hodi. Alisema, leteni kisu cha mwenye nyumba. Baba akampa, alikuwa hajijui hajitambui. Yule mtu akakinoa hapo mlangoni, akakirudisha kimefungwa. Akamwambia, fungua wewe mwenyewe. Baba akafungua. Na wewe ukafungua macho."

Mjalidi alisikia tena ule mlio, ziiii, lakini safari hii hakujua kama ulikuwa nje au ndani ya kichwa.

"Akasema kikae hivyo hivyo. Akasema, siku kikifungwa... Hakumaliza. Baba akamuuliza anataka nini, akasema hataki kitu. Hilo ndilo lililomtisha mzee mpaka anakufa. Kwamba hakutaka kitu. Tulipotoka nje hakuwepo, wala gurudumu halikuacha alama vumbini."

"Na hukuniambia."

"Baba alinikataza. Alisema ukijua utakaa kukitazama kutwa nzima, usiishi. Akaniapisha. Nilikuwa na miaka ishirini." Kaka akatabasamu tabasamu bovu. "Nikatoka chumbani nimeshika uhai wako mikononi, naogopa hata kujikwaa. Ukanitazama kwa jicho lile. Kisha pale makaburini ukanipa yale maneno. Baada ya siku hiyo nisingekwambia hata bila kiapo. Nilisema, acha anichukie, mradi ana pumzi za kunichukia nazo."

Mjalidi alitaka kusema nisamehe.

"Na shemeji?" aliuliza badala yake. "Mkeo?"

Kaka aliwahi kuoa. Mke alikaa miezi minne akaondoka, na habari ikaenea kwamba alitishiwa kisu. Mjalidi ndiye aliyeieneza. Aliisimulia hata kwenye meza ya Jumapili, watu wakavunjika mbavu.

"Alikuwa anafagia," Kaka alisema. "Mtu msafi. Akakiona kimekaa wazi, akataka kukifunga asije akaumia mtu. Nilimpigia ukelele ambao sijawahi kumpigia mnyama. Ningemwelezaje? Alifungasha siku hiyo hiyo. Sikumtafuta. Nikaona ni heri nikae peke yangu, pasiwe na mtu wa kupanga vitu."

Alisema hayo bila kulaumu, na hiyo ndiyo iliyouma.

Kisha akaingiza ukucha wa dole gumba kwenye kijimfereji akaanza kuvuta. Mishipa ya shingo ikamtoka. Mjalidi akamwambia aache, wameshajaribu na koleo. Kaka hakumsikiliza. Alivuta akikohoa, akavuta huku damu imeanza kutoka chini ya ukucha, akavuta mpaka ukucha ukang'oka ukabaki kwenye chuma, akabadilisha kidole. Alikuwa analia, sijui kwa maumivu, sijui kwa ajili ya nini. "Baba," alinong'ona. "Baba, nisaidie basi. Nimekitunza. Nimekitunza miaka yote hii."

Harufu ya kafuri ikajaa chumbani.

Kisu kikatoa mlio wa kukwaruza. Ubapa ukajongea. Ukatoka robo, ukatoka nusu, ukasimama wima juu ya mpini, na hapo ukagoma. Kaka alivuta mpaka akaanguka upande. Haukuongezeka hata unywele.

Walikitazama wote wawili.

"Fungua kopo lile," Kaka alisema. "Jeupe. Na brashi."

Mjalidi akafungua kopo kwa bisibisi. Kaka akakishika kisu magotini, damu inachanganyika na rangi, akapaka ungio pale pale kiliposimama. Tabaka moja nene. Akapuliza likauke.

"Ni hapo tu," alisema. "Zaidi ya hapo mimi si baba."

"Nusu ina maana gani, Kaka?"

"Sijui. Hakuna aliyeniambia habari za nusu." Akamsukuma kwa kiwiko. "Nenda nyumbani. Mbio. Waonyeshe sura yako kabla hawajazoea."

Alikimbia. Safari hii moyo aliusikia, ukidunda, ukiruka, ukidunda. Mwendesha baiskeli mmoja alimkwepa, na Mjalidi alikaribia kumkumbatia. Lakini mwenye baiskeli wa pili, aliyekuja nyuma ya yule, hakumkwepa.

Mlango wa nyumbani ulikuwa wazi. Jikoni mkewe alikuwa anapakua, binti yake anaandaa vijiko. Sahani zilikuwa mbili.

"Nimerudi," alisema.

Mtoto alijikuna sikio. Mkewe aliendelea kupakua.

Akasema tena, kwa sauti. Akawaita wote wawili kwa majina yao. Akavuta kiti chake, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu, akakaa. Binti yake akageuka akatazama kiti kwa muda, mdomo wazi. "Mama," alisema, "kiti hiki ni cha nani?"

"Cha wageni," mama yake alisema. "Kaa ule."

Mjalidi akaweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe. Ulikuwa na joto. Mke akautazama mkono wake mwenyewe, akausugua, kama mtu aliyehisi upepo. Akasimama, akafunga dirisha. Kisha, kwa kuwa ilikuwa kawaida yake kila jioni kumjulia hali mgonjwa, akachukua simu, akapiga, akaiweka mezani ili aendelee kupakua.

"Umeshindaje, shemeji? Dawa inasaidia?"

Sauti ya Kaka ilitoka kwenye simu, imechoka, imejaa upepo. "Amefika?"

"Nani?"

"Mume wako. Ametoka hapa sasa hivi. Yuko hapo hapo, shemeji. Mtengee sahani."

Mkewe aliacha kijiko. Alitazama mlangoni. Alitazama kiti kilichovutwa. Alikuja karibu, akainama, akamtazama Mjalidi katikati ya macho, na Mjalidi akakaza kila mshipa wa mwili wake aonekane. Midomo ya mkewe ilitetemeka kidogo, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani zamani. Alikuwa karibu sana. Mjalidi alikuwa anasikia mpaka pumzi yake.

"Shemeji," mkewe alisema taratibu, kwa huruma, bila kuondoa macho, "mume gani?"

Upande wa pili Kaka alianza kukohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, na simu ilikatika kabla hajajibu.